Mitandao inapomezana, mwenye laini wa Kawe anabaki na nini?

Mtu aliyenunua laini ya Mobitel mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuitunza hadi leo amepitia majina manne ya mtandao bila kuhama hata mara moja. Namba yake iliwahi kuanza na 0741, kampuni ikiitwa Mobitel. Baadaye likaja jina la Buzz, mwaka 2006 likaja Tigo, na Novemba 2024 likaja Yas. Kwake yeye kilichobadilika ni tarakimu za mwanzo tu, kama 0741 ilipogeuzwa kuwa 0713. Jirani yake mwenye 0784 naye alianzia Celtel, akapitia Zain, akafikia Airtel.

Pale Kawe, kuanzia stendi ya daladala hadi vichochoro vya Ukwamani na Mzimuni, historia hiyo imeandikwa kwa rangi. Vibanda vilivyokuwa vya buluu ya Tigo vimepakwa upya. Miavuli imebadilishwa, na mabango ya namba za uwakala yamechapwa mengine. Wakala mwenyewe yupo pale pale, na wateja ni wale wale wanaotuma ada ya shule, wanaonunua umeme wa LUKU na wanaotoa hela ya mboga jioni. Nyuma ya rangi hizo kuna mikataba ya mamilioni ya dola iliyosainiwa mbali na Manispaa ya Kinondoni. Kuna pia maamuzi ya kiufundi ambayo mwananchi huyajua siku simu inapomkatikia katikati ya maongezi.

Makala haya yana hoja moja. Majina na wenye hisa hupita, lakini masafa ya redio yanayobeba sauti na bando zetu ni mali ya taifa, na namba pamoja na salio ni vya mteja. Kampuni zinapoungana au kuuziana, swali la kwanza liwe hilo: mali ya taifa inakwenda wapi, na haki ya mteja inalindwa na nani?

Kutoka saba hadi tano

Mobitel, iliyokuwa ya kampuni ya Millicom, ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mwenye nacho, na teknolojia yake ilikuwa ya analogi. Tritel ilifuata katika muongo huo huo, kisha ikaanguka. Vodacom iliwasha mitambo yake Agosti 2000. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa muungano wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na mwaka huo huo Celtel ikazaliwa ndani ya TTCL, kabla ya kutenganishwa nayo mwaka 2005.

Mwaka 2005 pia utaratibu wa leseni ulibadilishwa. Zantel, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1999, ikapata nafasi ya kuvuka bahari na kuhudumia Bara. Haikuwa na minara ya kutosha upande huu, hivyo wateja wake walipita kwenye mtandao wa Vodacom kwa makubaliano ya kampuni hizo mbili. Ilipofika karibu mwaka 2010, mkazi wa Dar es Salaam aliweza kuhesabu majina saba: Vodacom, Zain, Tigo, Zantel, TTCL, Sasatel na Benson.

Leo majina yamebaki matano: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL. Halotel, mali ya Viettel ya Vietnam, ndiyo pekee iliyoingia baada ya hapo na kusimama. Ilianza Oktoba 2015, na ujio wake ulikuwa ule wa mgeni njoo mwenyeji apone: ilisambaza mkongo na minara katika vijiji ambavyo wakubwa walivipita, na bei za bando zikapata ushindani mpya. Nyingine zilizokosekana kwenye orodha ya leo zilifungwa au zilimezwa.

Mauzo makubwa, taarifa ndogo

Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ilinunua biashara za Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Tanzania ilikuwa moja tu kati ya nchi hizo, na aliyekuwa na laini ya Zain alijikuta mteja wa Airtel. Miaka mitano baadaye Millicom, mmiliki wa Tigo, ilinunua asilimia 85 ya Zantel kutoka Etisalat ya Falme za Kiarabu kwa bei ya dola moja, na kukubali kubeba madeni. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilibaki na asilimia 15. Bei hiyo ya dola moja inasema jambo zito: mtandao wenye jina kubwa visiwani, wateja na masafa, ulikuwa umelemewa na madeni kiasi cha kukosa thamani kwa aliyekuwa akiumiliki.

Millicom nayo iliamua kuondoka Afrika. Ilikwishauza Tigo ya Kongo kwa Orange na Tigo ya Rwanda kwa Airtel. Tanzania ilikuwa ya mwisho, na Aprili 2022 ilikamilisha mauzo kwa kundi lililoongozwa na Axian ya Madagascar. Ndipo tukafika kwenye jina la Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas.

Serikali nayo si mtazamaji katika soko hili. Mwaka 2016 ilinunua tena zile asilimia 35 za TTCL, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa Bharti, kwa shilingi bilioni 14.9, na shirika likarudi mikononi mwa umma. Januari 2019 ilifikia makubaliano na Airtel yaliyopandisha hisa zake kutoka asilimia 40 hadi 49, na kampuni ikaahidi kulipa shilingi bilioni moja kila mwezi kwa miaka mitano. Sheria ya mawasiliano ilizitaka kampuni hizi ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom ikatangulia mwaka 2017 kwa kuuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, na ikakusanya shilingi bilioni 476.

Katika safari yote hiyo, mwenye laini alipata taarifa kwa ujumbe mfupi na kwa bango jipya barabarani. Aliambiwa jina limebadilika na huduma zinaendelea. Hakuelezwa mkataba una sharti gani kuhusu ubora wa mawimbi mtaani kwake, wala makato ya kutoa fedha yangekuwaje baada ya mwaka mmoja.

Somo la CDMA

Teknolojia ambayo mtandao unaichagua huishi kuliko mkurugenzi aliyeichagua. Wakazi wa Dar es Salaam walilipata somo hili mapema, ingawa wengi wamelisahau.

Vodacom na Celtel zilianza moja kwa moja na GSM, na Mobitel ikahamia huko. GSM humpa mteja kadi ndogo inayotoka kwenye simu moja na kuingia nyingine. TTCL, Sasatel na Benson zilichagua CDMA kwa huduma zao zisizo na waya, na Zantel nayo ikaitumia sambamba na GSM. Uchaguzi huo haukuwa wa kijinga. CDMA ilikuwa na mawimbi yanayofika mbali na ilibeba data vizuri. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na EASSy kufika mwaka 2009 na 2010, ofisi nyingi ndogo za jijini zilipata intaneti kwa modemu za aina hiyo.

Tatizo lilikuwa Kariakoo. Simu za CDMA mara nyingi zilifungwa kwa mtandao mmoja, kwa hiyo aliyetaka huduma hiyo ilimbidi anunue na simu yake. Madukani simu za GSM zilijaa, mpya na za mitumba, kwa bei ya kila mfuko. Mafundi walizijua na vipuri vyake vilipatikana. Mwananchi hakuwa na sababu ya kununua simu ya pili isiyokubali laini yake ya kwanza. Sasatel ikazima. Benson ikajaribu upya kwa jina la Smart, nayo haipo tena. TTCL ikaachana na CDMA na kugeukia 4G kuanzia mwaka 2015, baada ya miaka mingi iliyowapa wapinzani wake nafasi ya kukimbia mbele.

Marekani walilipia somo hilo hilo kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 2005 Sprint, iliyotumia CDMA, iliungana na Nextel, iliyotumia mfumo mwingine kabisa wa iDEN, katika mkataba wa dola bilioni 35. Mitandao hiyo miwili haikuweza kuongea. Kampuni moja ikabaki na gharama za mitandao miwili, wateja wakakimbia, na mapema mwaka 2008 Sprint ikakiri hasara ya karibu dola bilioni 30 kwenye vitabu vyake. Mitambo ya Nextel ilizimwa mwaka 2013. Muungano ambao wanasheria na mabenki wameupanga vizuri unaweza kuvunjwa na mitambo isiyopatana.

Tigo na Zantel zilikuwa na bahati kwa upande huo, kwa kuwa zilipoungana zote mbili zilikuwa na GSM na vizazi vilivyofuata vya 3G na 4G. Simu ya mteja wa Unguja na ya mteja wa Kawe zilikuwa za namna moja, na mitambo ingeweza kuunganishwa bila kumlazimisha mtu anunue simu nyingine.

Mnara mmoja, mitandao mingi

Wengi wanaoinua macho na kuona mnara hudhani ni wa mtandao wao. Siku hizi mara nyingi sivyo. Tigo iliuza minara yake kwa Helios Towers kuanzia mwaka 2010, Vodacom ikafuata mwaka 2013, na Zantel baadaye. Airtel iliuza minara yake mwanzoni mwa mwaka 2022 kwa kampuni iliyohusishwa na SBA ya Marekani. Mnara sasa ni wa mwenye nyumba, na mitandao ni wapangaji wanaofunga antena zao kwenye chuma kile kile.

Jambo hilo lina faida. Gharama hugawanywa, na mtaa hauhitaji minara minne mahali ambapo mmoja unatosha. Lakini maana yake ni kwamba kinachotofautisha mtandao mmoja na mwingine kimehama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye masafa.

Masafa ni kama njia za Barabara ya Mwai Kibaki. Magari yakizidi njia, foleni haiepukiki hata kama kila gari ni jipya. Siku ya mkutano mkubwa wa injili katika viwanja vya Tanganyika Packers, maelfu ya simu huomba huduma kwa wakati mmoja kutoka minara michache, na anayetaka kutuma picha husubiri. Mtandao wenye masafa mengi hupumua, wenye machache hukaba. Kwa hiyo kampuni mbili zinapoungana, pamoja na wateja huunganisha njia zao, na huo ndio utajiri wenyewe.

Masafa nayo hutofautiana. Yale ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na kupenya kuta. Yale ya juu, kama megahezi 3500 yanayotumika kwa 5G, hubeba data nyingi lakini huchoka haraka, na ukuta mnene huyazuia. Ndiyo maana mtu anaweza kuona alama ya mtandao wenye kasi akiwa barazani, akaipoteza akiingia chumbani. Katika nyumba zilizobanana za Ukwamani na zile za kuta nene za Mbezi Beach, masafa ya chini ndiyo yanayoamua kama simu italia ndani.

Masafa hayo ya chini yalitoka wapi? Sehemu yake yalikuwa ya televisheni. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analogi ilizimwa Dar es Salaam, na kila nyumba iliyotaka kuendelea kuona taarifa ya habari ilinunua king'amuzi kwa fedha zake. Nafasi iliyoachwa wazi angani ndiyo baadaye iliyouzwa kwa mnada kwa kampuni za simu. Mwaka 2018 Vodacom ililipa dola milioni 10 kwa sehemu ya megahezi 700. Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliendesha mnada mwingine wa masafa, na kampuni nne zikalipa jumla ya takribani dola milioni 187. Mkazi wa Kawe aliyenunua king'amuzi mwaka ule alichangia kuyaachilia masafa hayo. Ana haki ya kuuliza yanatumikaje na yanapita mikononi mwa nani.

Jirani wamefanya nini

Kenya inatoa mfano mzuri wa masharti. Mwaka 2019 Airtel na Telkom zilitangaza nia ya kuungana ili kuikabili Safaricom. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilikubali, lakini kwa masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba baadhi ya masafa ya Telkom yarudi serikalini leseni itakapoisha, badala ya kuhesabiwa kuwa mali ya kampuni mpya milele. Agosti 2020 mpango ulisitishwa. Kabla ya hapo, yuMobile ilipoondoka, Safaricom ilichukua mitambo na Airtel ikachukua wateja. Hilo lilionyesha kwamba mali za mtandao na watu wake vinaweza kutenganishwa kwa siku moja.

Uganda, Airtel ilinunua Warid mwaka 2013 na wateja wakabaki na namba zao. Lakini Africell, iliyokuwa imenunua Orange, ilifunga biashara Oktoba 2021, na waliokuwa nayo wakalazimika kutafuta laini nyingine na kuwaarifu ndugu na wateja wao upya. Rwanda, baada ya Airtel kuinunua Tigo, mitandao mikubwa ilibaki miwili. Muungano unaweza kuokoa mtandao dhaifu usife na namba za watu, na unaweza pia kumnyima mteja pa kukimbilia. Tofauti huletwa na msimamizi.

Tanzania yenyewe ina ushahidi kwamba kanuni nzuri humsaidia mwananchi bila kampuni yoyote kumeza nyingine. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilianza kuruhusu fedha zipite kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Nchi yetu ilikuwa ya mwanzo Afrika kwa jambo hilo. Wakala ambaye awali mteja wake alilazimika kuwa na laini ya kila mtandao aliona mambo yakirahisika. Machi 2017 ikaja haki ya kuhama mtandao na namba yako. Wengi hawajaitumia, kwa kuwa wamezoea simu ya laini mbili, lakini haki hiyo ndiyo ngao ya mteja siku mtandao wake utakapouzwa.

Yaliyo mbele

Vodacom iliwasha 5G Septemba 2022, na Airtel na Tigo zikafuata. Duniani kote kampuni zinataka kuzima 2G au 3G ili masafa hayo yahamie kwenye vizazi vipya. Siku ya kuamua itafika hapa pia, na uamuzi huo utamgusa mtu wa chini kuliko jina lolote jipya. Simu nyingi mikononi mwa Watanzania bado ni vitochi. Mama anayeuza samaki ufukweni Kawe akibonyeza *150*00# au *150*60# kutuma au kutoa fedha, kwa kawaida anategemea mtandao wa zamani ambao wahandisi wanatamani kuuzima. Ukizimwa bila maandalizi, duka lake dogo la fedha linafungwa.

Kwa hiyo TCRA na Tume ya Ushindani zinapopokea ombi jingine la kuungana au kuuziana, zitangaze masharti yake kwa Kiswahili chepesi, yasomeke hata kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Masafa yanayohama na kampuni yawekewe kikomo cha muda na wajibu wa huduma unaopimika, kata kwa kata. Salio na namba vilindwe tangu siku ya kwanza. Makato ya kutuma na kutoa fedha yasipandishwe kwa kisingizio cha gharama za kuungana. Na mtandao wa zamani usizimwe kabla simu janja ya bei nafuu haijamfikia anayeutegemea.

Mwananchi naye ana kazi. Mtandao ukisumbua, peleka malalamiko kwa kampuni, na usipojibiwa fika TCRA. Sheria inakupa njia hiyo. Ukipokea ujumbe kwamba mtandao wako umepata jina jipya, uliza masharti kabla ya kushangilia zawadi ya bando. Mwenye kampuni anaweza kuwa Antananarivo, New Delhi au Hanoi. Masafa ni ya Watanzania, na wenye mali ndio wanaopaswa kuuliza.